Wifi wa Upande wa Kushoto

6 Februari

Binti wa kaka yangu,

Kwa tangazo hili ijulikane kwa ndugu, jamaa, marafiki na wateja wote kwamba titi la kushoto la Fundi, lililoshonwa na Fundi mwenyewe kwa kitambaa cha pamba na kujazwa mtama uliopepetwa, limeingiwa na wadudu. Jambo hili liligundulika Jumatano saa tatu asubuhi, kwenye benchi la kliniki, baada ya mdudu mmoja kutokea kwenye kola ya mhusika na kutembea begani mbele ya mashahidi wawili. Mazishi yalifanyika saa sita nyuma ya duka. Kuku wa jirani walihudhuria kwa wingi.

Baada ya hayo, hujambo? Mumeo hajambo? Na yule dada yake anayecheka kwa pua, bado anatishia kuja kukaa kwenu mpaka apate kazi? Sisi huku wazima. Baba yako alipita wiki jana, akakaa dakika kumi, akaulizia cherehani, akaulizia paa, akaulizia mkasi wangu kama ulinolewa, kisha akaaga. Tangu nikatwe, kaka yangu anaongea na paji langu la uso.

Unaniuliza kwa nini sipendi tuzungumze kwa simu. Mwanangu, kwenye simu sote tunasema "sijambo" kabla hatujaulizwa. Kwenye barua mtu angalau anadanganya polepole, na mwenzake anaweza kurudi akasoma tena.

Sasa jambo lenyewe. Hao mashahidi wawili ni wenzangu wa benchi. Kila Jumatano tunakaa benchi la tatu kutoka mlangoni, kwa sababu la kwanza lina msumari na la pili ni la watu wanaolia. Mmoja ni Mpishi, anapikia shule ya bweni yenye wanafunzi mia sita. Naye amekatwa kama mimi, ila yeye ni upande wa kulia, na anasema tukisimama tumeshikana tunatoa mwanamke mmoja kamili. Wa pili ni Mwalimu wa hesabu. Huyo hajakatwa bado, anatiwa dawa kwanza, hana hata nyusi, na anasahihisha madaftari palepale huku dripu inaingia mkono mwingine.

Ugonjwa wenyewe hatuutaji. Mpishi ndiye aliyeupa jina: tunauita Wifi. Kaja bila kualikwa, anafunua kila sufuria, na ukimwambia aende anasema hapa ni kwa kaka yake. Basi asubuhi tunaulizana: Wifi hajambo? Yupo, kalala. Wifi alisemaje jana? Kagoma kula. Manesi wanadhani tuna ukoo wenye matatizo.

Mwalimu amekataza titi jipya lisishonwe kwa kukisia. Kukisia ndiko kulikonifanya nitembee mwaka mzima nimelala upande kama kabati lenye mguu mfupi. Linatakiwa lilingane uzito na mwenzake, na mizani tunayoijua sisi ni ya muuza vitunguu, ambaye kidole chake gumba nacho kinauzwa. Nikamwambia Mwalimu nina mtoto wa kaka, mkaguzi wa mizani, anayekagua hata hao wauza vitunguu. Mimi na wewe tumetoka kiwanda kimoja. Blauzi zangu unazivaa bila kukunja pindo. Kwa hiyo funga mlango wa ofisi ujipime. Pima yote mawili, maana Mwalimu anataka wastani. Niandikie gramu.

Ni mimi shangazi yako,
Fundi


27 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe 14. Nimechelewa kujibu siku kumi na tatu, na sababu ni kazi. Sisi hatujambo. Mume wangu amepaka rangi madirisha ya sebuleni, sasa hayafunguki. Nilimsomea habari ya kuku, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Tunakupa pole.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Nilisubiri wenzangu waende kula, nikafunga mlango, nikatoa mizani tunayotumia kuhakiki mizani nyingine, nikaisawazisha kwa jiwe la gramu mia tano. Ilibidi nipige magoti kwenye kiti ndipo nifikie. Sahani yake ni ya chuma, na ni baridi. La kulia nilipima mara tatu: 512, 514, 513. Andika 513.

Usitumie tena mtama wala nafaka yoyote. Tumia shanga ndogo za kioo, uzioshe, uzikaushe, uzigawe kwenye vifuko vitatu zisije zikakusanyika chini.

Wifi ameshafika. Alifika siku ileile niliyopima. Ni mdogo, hana kelele, haniumizi kwa lolote. Amekaa upande wa kushoto. Mume wangu sijamwambia neno juu yake. Nifanyeje naye, Shangazi? Nijibu bila mzaha, tafadhali.

Wasalimie Mpishi na Mwalimu ingawa hawanijui.

Mwanao


15 Machi

Mwanangu, marahaba.

Gramu mia tano kumi na tatu zimepokelewa kwa heshima zote. Nilipeleka shanga kwa muuza vitunguu nikamwambia apime na asiulize. Akapima. Akauliza. Nikamwambia ni zawadi ya mtu wa kushoto, akanifungia mfuko. Titi limekaa sawasawa mpaka mteja mmoja kaniambia nimepungua miaka. Mpishi kaagiza lake, ila yeye anataka gramu mia tisa, anasema kama ni kushona basi ashonewe la enzi zake.

Nyumbani wazima. Baba yako kaleta mche wa ndimu, kauacha mlangoni kama mtu anayetelekeza mtoto. Mwalimu hajaonekana Jumatano mbili. Tunamwekea nafasi kwa mkoba wa Mpishi, na mkoba wa Mpishi una ukubwa wa Mwalimu, kwa hiyo nesi alipohesabu vichwa alitosheka.

Kuhusu Wifi, umesema nisifanye mzaha, sifanyi. Mwache. Usimguse, usimchokonoe, usiende kumsemea kwa mtu. Kama ni mdogo na hana kelele, shukuru. Wa namna hiyo nimewaona wengi: ukimshughulikia ndiyo anakaa kabisa. Wewe jifanye humwoni, amka, nenda kazini, rudi, lala. Baada ya miezi michache ataondoka mwenyewe. Na mumeo usimwambie. Wanaume hawayawezi mambo haya, utakuwa na kazi mbili badala ya moja.

Kula vizuri.

Fundi


2 Mei

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kukaa kimya. Hatujambo. Madirisha bado.

Nimefuata ushauri wako. Nilikuwa nimeshapanga siku ya kwenda kumsemea, nimeomba na ruhusa kazini, lakini barua yako ilipofika nikairudisha ile ruhusa. Ninafanya kama ulivyosema: naamka, naenda kazini, narudi, nalala. Siku hizi najitolea safari za ukaguzi ambazo wenzangu hawazitaki. Wiki jana nilikagua mizani ya watoto kwenye zahanati moja. Nesi aliniona nimesimama muda mrefu baada ya kumaliza, akaniuliza kama nina shida yoyote. Nikamwambia mizani yake ni nzima.

Wifi yupo. Amenenepa kidogo. Umesema baada ya miezi michache. Ni mingapi?

Hujaniambia majibu ya kipimo chako cha mwezi wa tatu, wala habari ya Mwalimu.

Mwanao


21 Mei

Mwanangu,

Sikusalimu. Soma.

Jana nilikuwa nampima mteja. Mwanamke mrefu, kaingia na mfuko wa kitambaa, anataka suti ya usaili wa kazi, haraka, iwe tayari kesho kutwa. Nikamvua koti, nikapitisha futi kifuani, pini tatu mdomoni. Kaniuliza kama ndimi shangazi wa mke wa kaka yake, maana kaambiwa duka lenye mche wa ndimu mlangoni. Halafu akacheka. Kwa pua.

Nikazitoa pini. Nikamwambia nafurahi kumwona, kumbe keshaondoka kwako.

"Kwake wapi?" akasema. "Mimi kwake sijakanyaga tangu harusi."

Nikadhani hajanisikia. Nikamuuliza, tangu mwezi wa pili hukuwa kule, chumba cha kushoto? Akaniangalia kama watu wanavyowaangalia wazee. Akasema alitaka kwenda, nauli ikamshinda, kisha akapata kazi ya muda huku huku mjini kwetu. Miezi minne yuko hapa, nyumba tano kutoka kwangu.

Nilimpima mkono wa kushoto mara nne na sikuandika hata mara moja. Alipoondoka nikafunga duka, saa tano asubuhi, nikatoa barua zako. Nikaisoma ya Februari. Nilikuagiza upime yote mawili. Mtu anayepima kila kitu mara tatu, ambaye kwenye harusi yake mwenyewe alikagua mizani ya keki, kaniandikia upande wa kulia, namba tatu na wastani wake, na wa kushoto hakuandika hata tarakimu. Chini yake kaandika Wifi alifika siku ileile.

Mimi najisifu ninaona vitu. Ninajua mteja ana mimba kabla hajajua mwenyewe, kwa kiuno. Na barua yako niliisoma nikiwa nacheka, nikijibu kichwani kuhusu mwanamke anayecheka kwa pua.

Uliniuliza kuhusu uvimbe. Nikakujibu mwache, usimguse, usimwambie mtu. Mwandiko ni wangu, siwezi kusema ni wa mwingine.

Na wewe hukushtuka? Mimi niliyekatwa, nikuandikie uache? Najua hukushtuka kwa nini. Mimi nilipoupata wangu, kama kuna mtu angeniambia nijifanye siuoni, ningembusu miguu.

Leo ni Jumatano. Nimeibeba barua yako mpaka kwenye benchi nikawasomea. Nisamehe. Mpishi hakusema kitu, na wewe humjui, kwa hiyo hujui hilo ni jambo la kutisha kiasi gani. Kasogea tu karibu nami na bega lake lote. Mwalimu amerudi, lakini kwa kiti cha magurudumu. Uliniuliza habari zake nami sikujibu: Wifi wake kahamia kwenye mifupa ya nyonga. Uliuliza na majibu yangu. Ni safi. Daktari kasema tuonane baada ya miezi sita. Yalitoka wiki ileile na ya Mwalimu, na sikupata pa kuyaweka. Kwenye benchi siyasemi, na kwenye barua nikaona nitakuwa kama najisifu. Ndiyo hivyo. Watu wawili tunaandikiana na kila mmoja kaficha lake, mmoja zuri, mmoja baya.

Mwalimu aliomba kalamu. Haya hapa chini ni yake.

*Binti, mimi ni Mwalimu. Hatufahamiani. Nilisubiri miezi minane kwa sababu Wifi wangu hakuwa akiuma na nilikuwa na darasa la mtihani. Walifaulu wote. Wewe umesubiri mingapi? Andika jibu kwa tarakimu na kwa maneno.*

Nenda hospitali. Usinijibu kwanza, nenda kwanza. Ile barua ya Machi ichane.

Shangazi yako


9 Juni

Mwanangu,

Siku kumi na tisa. Najua barua inachukua wiki. Zimebaki kumi na mbili ambazo sina maelezo nazo.

Nilivunja sheria yangu mwenyewe, nikakupigia. Simu yako haipatikani. Nikapiga ya nyumbani akapokea mumeo. Akasema hujambo, uko safari ya ukaguzi wiki tatu, huko hakuna mtandao, na barua yangu kaiweka juu ya redio hajaifungua. Kijana mwenye adabu. Nilikuwa naye kwenye simu, maneno yote yako mdomoni, na nikakumbuka kwamba ni mimi niliyekuambia asiambiwe. Nikamuuliza kuhusu madirisha. Kasema yanaendelea vizuri.

Sijui kama nilifanya sawa. Kila nikikanyaga cherehani naona nimeshona mahali ambapo hapakuwa na chaki. Jana nimeambatanisha mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja, na mwenye koti ni mkuu wa kituo cha polisi.

Mpishi anauliza kila siku, siyo Jumatano tu. Anapita dukani anasimama mlangoni na aproni yake, anaangalia uso wangu, halafu anakwenda zake. Tumeacha kuulizana habari za Wifi. Hakuna anayelitaja tena hilo jina. Nesi katuuliza tumegombana na nani.

Ukiisoma hii kabla ya ile nyingine, simama hapo, fungua ile nyingine kwanza.

Shangazi


3 Julai

Shangazi, shikamoo.

Baba aliniandikia, anasema mnaendelea vizuri na mche wa ndimu umeshika. Wifi yangu, yule wa kweli, ameniandikia pia, anasema suti ilimkaa vizuri na kazi ameipata, ila fundi ni mtu wa ajabu.

Nilirudi safari tarehe 17 Juni. Nilizisoma barua zote mbili nimesimama na mkoba begani, na kwa bahati nilianza na ya kwanza. Usijilaumu peke yako. Nilipopata ile ya Machi nilijua umekosea. Sikujua umekosea nini, lakini nilijua kuna jambo hukulielewa, kwa sababu wewe usingesema hivyo. Niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kuamini, na kila mara nilipapata. Nilikuwa naibeba kwenye mkoba wa kazi pamoja na mawe ya mizani. Mwambie Mwalimu jibu ni 4, miezi minne.

Mume wangu alikuwa dirishani na kisu, anakwangua rangi. Nilimwambia Wifi amekuwa hapa tangu Februari. Akasema, "Dada? Yuko wapi?" na akaangalia korido. Ikabidi niliseme neno lenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka. Akakiweka kisu, akaenda nje, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliporudi akauliza upande gani. Nikamwonyesha. Hakugusa. Asubuhi tulikuwa kwenye geti la hospitali kabla hawajafungua.

Hapa benchi ni moja tu, refu, la saruji. Nilikaa ukingoni. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya sufu akanigonga goti akaniuliza mara ya ngapi. Nikamwambia ya kwanza. Akasema, "Basi ingia katikati, niachie ukingo. Wa mara ya kwanza huwa mnaanguka." Tukabadilishana. Ni kinyozi, ana duka la kunyoa wanaume karibu na soko, anasema tangu nywele zake zinyonyoke wateja wamezidi kumwamini. Nilimweleza habari ya Wifi. Akasema wao hapa wanamwita Mwenye Nyumba, kwa sababu anabisha hodi huku ameshaingia. Nilicheka, Shangazi. Nilicheka mpaka mume wangu akageuka kuangalia kama ni mimi. Halafu nikashindwa kuacha, na kinyozi akanishika kisogo akaniinamisha mpaka kichwa kikafika magotini, akanishikilia hapo, huku anaendelea kumweleza mwingine habari za wembe.

Walipima kwa vidole, kisha kwa mashine. Wifi ana sentimita mbili na nusu. Niliuliza mashine ilihakikiwa lini mara ya mwisho; hawakupenda. Kisha wakaingiza sindano wakachukua kipande. Sitakuandikia habari ya sindano, unaijua. Wakasema majibu ni siku kumi na nne.

Hizo siku kumi na nne sijui nikueleze vipi. Nilikwenda kazini. Nilipima gunia moja la mchele mara tisa, mwenye duka akadhani natafuta rushwa. Nyumbani mume wangu aliyafungua madirisha yote, moja baada ya jingine, na sasa hatuwezi kuyafunga. Usiku hatukuzungumza, mchana tulizungumza mno. Nilimkuta amesimama mbele ya kabati langu anazihesabu blauzi zako. Mimi nilikuwa najishika kila nikipita mlango, kila mlango, hata wa choo cha ofisi, kuona kama bado yupo. Kila mara nilimkuta, na kila mara nilishtuka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Jana ilikuwa siku ya kumi na nne. Kinyozi hakuwa na kliniki, lakini alifunga duka akaja. Aliniletea soda, akainywa mwenyewe, akasema mikono yangu itaimwaga. Tulikaa tangu saa moja. Waliita watu arobaini na moja kabla yangu. Wengine walitoka wanatembea kawaida, na mmoja alitoka akapita mlango wa nje akaendelea kutembea, ndugu zake wakamkimbilia. Saa saba kasorobo wakaniita. Mume wangu alitaka kuingia, akainuka, akakaa tena, kwa hiyo akaingia kinyozi.

Daktari alikuwa na mafua. Alilitafuta faili kwenye rundo la mezani, halikuwepo, akalitafuta sakafuni, akalipata. Akalifungua. Akasoma ukurasa mmoja mara mbili. Kinyozi alikuwa amenishika kidole kimoja tu, cha mwisho, kwa nguvu zote. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mawili, moja au jingine, na nilikuwa nimeyatamka yote mawili mbele ya kioo ili yasinikute mgeni.

Akasema kipande walichochukua hakikutosha kupimwa, nirudi Jumatatu wachukue kingine.